Ndege wa vichakani na kipepeo wa chungwa: safari zao ni za namna moja?

MkaziWaVoi: Habari za humu, wadau. Mvua za Novemba zimenyesha huku Voi na vichakani kuna ndege wadogo wa kahawia, wanaimba chini chini kutwa. Kwenye maua wapo vipepeo wa chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe. Mwalimu mmoja kaniambia wote huhama kati ya Ulaya na huku. Ndege naelewa, lakini kipepeo kweli?

MfungaPete: Kweli kabisa, jirani. Ndege nadhani ni *Acrocephalus palustris*, kwa Kiingereza marsh warbler. Nimesaidia kuwanasa na kuwafunga pete za utambulisho miguuni pale Ngulia, Tsavo Magharibi, kazi iliyoanza 1969. Usiku wa ukungu usio na mbalamwezi huvutwa na taa za hoteli, na alfajiri nyavu zimejaa. Ukimshika, ni gramu kumi na kitu tu. Mpulizie kifuani manyoya yatengane: chini ya ngozi utaona mafuta ya manjano, akiba ya kumfikisha kusini mwa Afrika. Mei au Juni yuko Ulaya tena, anazaa.

Kipepeo wako kwa maelezo hayo ni *Vanessa cardui*, kwa Kiingereza painted lady. Yeye hutaga njiani, hufa, na watoto huendeleza safari. Mzunguko wa mwaka hukamilishwa na vizazi kadhaa. Mwaka 2013 walikutwa ufukweni Guyana ya Ufaransa, Amerika Kusini, na utafiti wa 2024 ukaonyesha walivuka Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, zaidi ya kilomita 4,000, wakisaidiwa na upepo. Mdudu asiyefika gramu moja! Mimi kwa safari nampa kipepeo ushindi.

BintiLushoto: Kwa safari sawa, ila ndege ana jambo ambalo kipepeo hana: anajifunza nyimbo. Mtafiti wa ndege Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha 1979 kwamba dume mmoja huiga sauti za aina zipatazo 76 za ndege, zaidi ya nusu wakiwa wa Afrika. Yaani akiimba huko Ulaya, tuseme Ubelgiji, anaimba ndege wa huku kwetu. Napenda sana hilo.

MkaziWaVoi: Nashukuruni. Huyo kipepeo nitamhakikishaje?

MfungaPete: Subiri afunge mabawa. Bawa la nyuma, upande wa chini, lina mstari wa madoa madogo kama macho. Kisha kagua mbaruti na magugu ya jamii ya bamia: kiwavi wake ni mweusi mwenye miiba, hujifichia kwenye jani alilolikunja kwa nyuzi. Ukimpata, piga picha utuwekee hapa.