Naombeni ushauri: nani acheze Antoni kwenye Juliasi Kaizari?

Kipanga wa Moro: Wakuu habari za jioni. Nasimamia kikundi cha maigizo hapa Morogoro, tunaandaa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Antoni, yule rafiki wa Kaizari anayewahutubia Warumi kwenye mazishi yake, nimempa dogo mmoja konda wa daladala, kikundi kimekuja juu eti anamung'unya maneno. Mimi nawaambia mbona Marlon Brando alipocheza Antoni huyuhuyu kwenye filamu ya Juliasi Kaizari aliyoiongoza Mankiewicz 1953 naye walimbeza, walimzoea anavyomung'unya kwenye filamu ya A Streetcar Named Desire halafu awekwe na waigizaji wa Kiingereza kina John Gielgud na James Mason, si ndio akateuliwa Oscar? Nimtoe au nikomae naye? Usingizi sipati.

Mama Rehema: Kaka angalia umri kwanza. Romeo na Juliet ya Zeffirelli ya 1968 ilipendwa kwa sababu Olivia Hussey na Leonard Whiting walikuwa watoto kweli, ile ya 1936 Leslie Howard anacheza Romeo kashavuka 40! Shuleni kwetu Kaizari alipewa mtoto wa mwalimu mkuu, hakushika hata mstari, sisi tuliojua kitabu kizima tukawekwa kwenye umati tupige kelele. Inaniuma mpaka leo.

Mzee wa Jukwaa: Brando hakubebwa na jina. Alikaa chini ya Gielgud akafundishwa namna ya kusema yale maneno, na Gielgud mwenyewe akamtaka baadaye aende Uingereza kucheza Hamlet, tamthilia nyingine ya Shakespeare, jukwaani. Dogo wako anafundishwa na nani? Na ni nani kwako, maana hapo umeparuka.

Kipanga wa Moro: Namfundisha mwenyewe nyumbani.

Mzee wa Jukwaa: Nyumbani kwa nani?

Kipanga wa Moro: Kwangu, anaishi hapa. Ni mdogo wake wife. Lakini mkuu hilo haliingiliani na kipaji, na nguo zake zishashonwa, mabango yashatoka yana sura yake.

Kobe Mjanja: Shemeji!! 😂😂 Mtoe uone kama utapewa chakula.

Mama Rehema: Yaleyale ya mwalimu mkuu. Undugu unaua sanaa, mwogopeni Mungu.

Msemakweli: Hii chai. Juzi tu huyu alileta uzi yeye dereva wa lori Tunduma, leo ana kikundi Moro? Weka picha ya bango.

Kipanga wa Moro: Lori ndio kazi, maigizo nafanya nikirudi. Bango siweki, dogo anajulikana.

Msemakweli: Chai ya maziwa kabisa.

Mzee wa Jukwaa: Hata ikiwa chai nitajibu. Tazama Brando anapowaambia Warumi moyo wake uko jenezani na Kaizari, anawapa mgongo kama analia, kamera inamkuta usoni anapiga hesabu, anawasikiliza kama wameshaingia mtegoni. Mwambie shemeji yako aicheze sehemu hiyo mbele ya kikundi chote, wewe ukiwa nje. Wakiona ni yeye watanyamaza, wasipoona chapisha bango jingine.

Kipanga wa Moro: Sawa mzee wangu, aicheze. Ila nje sikai.