Je, mtu wa usalama wa taarifa ananufaika na cheti cha mitandao?

Swali: Mkaguzi wa mifumo, Dodoma

Habari za kazi, wanajamvi. Niko katika kitengo cha usalama wa taarifa cha taasisi moja ya fedha, na mwaka jana nilifaulu mtihani wa Security+ wa CompTIA. Mwaka huu mwajiri amekubali kunilipia mtihani mmoja tu. Mkuu wangu wa kitengo anataka nifanye CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, ilhali wenzangu wanasema huo ni mtihani wa mafundi wa mitandao, na kwamba mtu aliyekwisha kuingia kwenye usalama akianza kusoma ruta na swichi anarudi nyuma. Kazi yangu ni kupitia kumbukumbu za mifumo, kukagua haki za watumiaji na kuandika taarifa za ukaguzi. Sijawahi kusanidi ruta, wala sitarajii kuombwa kuisanidi. Naomba walio katika kazi hii wanieleze kwa mifano: cheti cha mitandao kimewasaidia nini hasa?

Jibu: Mchambuzi wa matukio, Dar es Salaam

Ndugu yangu, mimi niliingia kwenye usalama bila kupitia mitandao, na upungufu huo ulinigharimu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika kampuni moja, na watumiaji wa ghorofa moja wakaanza kuonywa na vivinjari vyao kwamba vyeti vya tovuti wanazofungua si halali. Nilipitia kumbukumbu, nikaishuku anwani moja ya IP ya humo ndani, nikaizuia kwenye faiawoli, na tatizo likaendelea vilevile. Sikuelewa kwamba vifaa vilivyo katika sehemu moja ya mtandao huzungumza moja kwa moja kupitia swichi, hivyo faiawoli niliyoitegemea haikuwa njiani kabisa. Alipofika fundi wa mitandao, alitazama jedwali la ARP la kompyuta mojawapo, yaani orodha inayooanisha kila anwani ya IP na MAC (namba ya utambulisho ya kifaa), akaona kwamba anwani ya lango la mtandao imeoanishwa na anwani ya MAC isiyo ya ruta, akaitafuta MAC hiyo kwenye swichi hadi akaujua mlango iliyounganishwa, akaufunga. Kazi hiyo ilimchukua dakika chache, nami nilikuwa nimehangaika zaidi ya saa mbili.

Itifaki ya ARP ilielezwa mwaka 1982 katika hati ya RFC 826, na haina njia yoyote ya kumhakiki anayejibu: kifaa kikidai kwamba anwani ya lango ni yake, vingine humsadiki mdai huyo na kumpelekea pakiti zao (vipande vya data). Kinga ipo kwenye swichi yenyewe, ambayo inaweza kutunza orodha ya anwani zilizogawiwa na seva ya DHCP na kukataa kila jibu la ARP lisilolingana nayo. Kinga hiyo imo katika mtaala wa CCNA. Wewe hutaisanidi, lakini wewe ndiye mkaguzi unayepaswa kuuliza kama imewashwa, na kulitambua jibu la kukwepa utakapolipata.

Mfano mkubwa zaidi ni wa tarehe 24 Februari 2008. Pakistan Telecom ilikusudia kuifunga YouTube ndani ya nchi yake, lakini tangazo la njia ilizotumia (taarifa ambayo ruta hupeana kuhusu pa kupeleka pakiti) likavuja hadi nje, na kwa takriban saa mbili watumiaji katika sehemu kubwa ya dunia hawakuweza kuifikia tovuti hiyo. YouTube ilikuwa ikitangaza kundi la anwani 208.65.152.0/22, na Pakistan Telecom ikatangaza 208.65.153.0/24, ambalo ni kundi dogo lililo ndani ya lile kubwa (namba iliyo baada ya mkwaju ikiwa kubwa, kundi huwa dogo). Ruta hufuata njia iliyo mahususi zaidi, kwa hiyo tangazo la /24 lilishinda lile la /22. Hakuna aliyeiba nenosiri wala aliyevunja seva. Asiyejua jinsi ruta inavyochagua njia anaweza kusoma kumbukumbu za tukio kama hilo usiku kucha asione kilichoharibika.

Jibu: Mshauri wa usimamizi wa hatari, Nairobi

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia kuhusu maarifa, lakini cheti ni jambo jingine. Mtihani wa CCNA wa 200-301, ulioanza Februari 2020, unatoa asilimia 25 kwa uelekezaji wa IP na asilimia 15 tu kwa misingi ya usalama. Ada yake ni dola 300 za Marekani, na cheti huisha baada ya miaka 3. Kwa mtu ambaye kazi yake ni haki za watumiaji na taarifa za ukaguzi, sehemu kubwa ya alichokisoma itasahaulika kabla ya muda huo kwisha.

Zaidi ya hapo, taasisi nyingi zinahamishia mifumo yao kwenye wingu (seva za kukodi kupitia intaneti), ambako mteja hagusi swichi, na makosa ya kawaida huko ni haki zilizotolewa kupita kiasi au hifadhi ya data iliyoachwa wazi. Ushauri wangu ni kujifunza mitandao kwa programu za Packet Tracer (ya kuigiza mitandao) na Wireshark (ya kukagua pakiti), ambazo zote hupatikana bila malipo, na kuutumia mtihani wa mwajiri kwa cheti kinachofanana na kazi yako.

Jibu: Mchambuzi wa matukio, Dar es Salaam

Hoja ya wingu ni ya kweli, ila hata huko utagawa anwani, utaandika jedwali la njia na utaamua nani amfikie nani. Swichi ndiyo iliyofichwa. Kuhusu kujisomea, nimewaona wengi walioanza na wachache sana waliofika mwisho bila tarehe ya mtihani kuwasukuma, nami nilikuwa miongoni mwa walioishia njiani mara ya kwanza.

Ndugu wa Dodoma, jipime kwa maswali mawili kabla ya kuamua. Je, 10.20.7.200 imo ndani ya 10.20.4.0/22? Na ukituma SYN (pakiti ya kuomba muunganisho) kwenye seva, kuna tofauti gani kati ya kurudishiwa RST na kutojibiwa kabisa? Ukiyajibu yote bila kutafuta popote na ukaweza kueleza sababu, mfuate ndugu wa Nairobi. Ukikwama, mkuu wako wa kitengo amekuona vizuri.

Muuliza swali, Dodoma

Nawashukuru nyote. Swali la kwanza nililikosa: nilidhani kundi hilo linaishia 10.20.4.255, kumbe linafika 10.20.7.255. La pili nilijua kwamba RST ina maana mlango wa huduma kwenye seva umefungwa na seva yenyewe iko hai, lakini sikufikiria kwamba ukimya unaweza kuwa wa faiawoli inayozitupa pakiti. Hilo limenigusa, kwa sababu katika taarifa yangu ya ukaguzi iliyopita niliandika kwamba seva mbili zimezimwa kwa kuwa tu hazikujibu. Kesho nitaomba kuzipima upya nikiwa na fundi wa mitandao, na ombi la kulipiwa CCNA nimeshalipeleka kwa mkuu wangu.