Diodi za leza ya buluu kutoka kwenye projekta: ya kwanza imefifia, nizinusuru vipi zilizobaki?

Mchonganakshi, Chake Chake

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mchonga nakshi wa milango na makasha, na tangu skuli nimekuwa mpenzi wa vyombo vya umeme. Mwezi uliopita nilinunua projekta mbovu ya Casio, ya aina ile isiyotumia balbu, ambayo bodi yake ya umeme ilikuwa imeungua. Nilipoifungua nilikuta kitu ambacho kwa miaka yote nilikuwa nakisoma tu: bamba la chuma lenye diodi 24 za leza ya buluu, zimepangwa safu kwa safu, kila moja na kilenzi chake mbele. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Nia yangu ni kutumia moja kuchorea nakshi juu ya ubao kabla sijashika patasi, kwa sababu kuhamisha maua ya yungiyungi na minyororo kwa penseli hunichukua siku nzima kwa mlango mmoja. Nikaitoa diodi moja, nikaiunga kwenye pawa saplai ya volti 5 kupitia rezista ndogo. Kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu ilitoa mwale mkali kiasi cha vumbi la hewani kuonekana likipita ndani yake, na kipande cha mfenesi nilichokiweka mbele kikaanza kufuka moshi. Mara mwale ukafifia. Sasa diodi inawaka buluu dhaifu kama kitaa cha redio, na mita inaonyesha kuwa mkondo bado unapita, lakini haipashi moto hata karatasi nyeusi. Je, imekufa, au kuna kitu kimelegea? Na hizi 23 zilizobaki nizifanyie nini zisifuate njia hiyo hiyo? Kwa macho nilijikinga kwa miwani ya jua.

Fundi Redio, Mwanakwerekwe

Waalaykumu salaam, kaka. Pole, lakini hiyo imekufa, na dalili ulizozieleza ndizo hasa za kifo cha diodi ya leza. Ndani yake mna kipande cha fuwele ya galiamu naitraidi ambacho nyuso zake mbili za mwisho hufanya kazi ya vioo, na nuru hupita baina yao ikizidi nguvu mpaka inatoka. Mkondo ukipita kiasi, hata kwa muda mfupi usiohesabika, uso wa kutokea nuru huyeyuka. Vioo vikishaharibika, leza haipo tena, na kinachobaki ni diodi ya kawaida ya kutoa mwanga, ndiyo maana unaona ule ubuluu uliofifia.

Kosa lako si volti 5 kuwa nyingi. Kosa ni kuilisha diodi kwa volti badala ya kuilisha kwa mkondo. Diodi hizi huhitaji baina ya volti 4 na 5, lakini kadiri inavyopata joto volti yake hushuka, na kwa kuwa rezista yako ni ndogo mkondo hupanda, nao mkondo ukipanda joto huzidi, basi mambo hukimbizana hivyo mpaka diodi inaungua. Unachohitaji ni draiva, yaani kisakiti cha kulishia umeme kinachoushika mkondo mahali pamoja, diodi iwe baridi au moto. Kwa diodi za projekta yako, ambazo ni za takriban wati moja kila moja, ampea moja inatosha kabisa, na kwa kuchora tu mimi ningekaa kwenye miliampea 800.

Wakati wa kuirekebisha draiva, usiiunge na leza yenyewe. Unga diodi tano za kawaida za silikoni mfululizo, za ampea 3, pamoja na rezista ya omu moja ya wati 5, ziwe badala ya leza. Pima volti kwenye miguu ya hiyo rezista: ukisoma volti 0.8, basi unapitisha ampea 0.8. Ukisharidhika, zima, kisha (hapa ndipo mimi nilipoua diodi yangu ya kwanza, na bado inaniuma) gusanisha kwanza nyaya mbili za kutokea za draiva ili kapasita imwage chaji yote. Draiva iliyowashwa bila kitu hupandisha volti yake mpaka mwisho, kapasita hubaki imejaa, na ukiunga leza hapo itapokea kishindo kimoja tu, ikafa bila hata kuwaka. Wakati wa kutia lehemu, funga miguu ya diodi kwa uzi mwembamba wa waya, nawe uguse chuma kilichoungwa na ardhi, kwani umeme tuli wa mwilini nao huua.

Jambo la mwisho ni joto. Ampea moja kwa volti 4.3 ni wati 4.3 zinazoingia, na nuru inayotoka ni kama wati moja, kwa hiyo zaidi ya wati 3 zinabaki ndani ya kitu kisichozidi ukubwa wa punje ya mbaazi. Ikaze ndani ya kishikio cha shaba, kishikio ukikaze kwenye alumini pana, na feni ndogo iwepo.

Mwalimu wa Fizikia, Wete

Nimesoma habari ya miwani ya jua na moyo umenishtuka. Kaka yangu, tafadhali usiiwashe tena mpaka uwe na miwani inayohusika.

Jicho la binadamu huona vizuri zaidi rangi ya kijani, karibu na nanomita 555 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la nuru, ambao ndio unaoamua rangi), na kwenye nanomita 445 za diodi zako uwezo wake hushuka mpaka karibu asilimia tatu ya hapo. Ndiyo kusema kwamba wati moja ya buluu huonekana hafifu zaidi ya mara ishirini kuliko wati moja ya kijani cha nanomita 532, ilhali nguvu ya kuunguza ni ile ile. Jicho halipati onyo linalolingana na hatari. Isitoshe, kope huchukua kama robo sekunde kufumba, na lenzi ya jicho hukusanya mwale wote kwenye nukta moja ya retina, kwa hiyo jeraha hutangulia kope. Leza yoyote inayozidi miliwati 500 imo katika daraja la 4, la juu kabisa, ambamo hata nuru inayorudi kutoka ubao au ukuta mweupe yaweza kudhuru kwa karibu.

Miwani inayofaa ni ya rangi ya chungwa, iliyoandikwa OD4 au zaidi pamoja na nanomita 445 ndani ya masafa yake. OD4 maana yake ni kuwa sehemu moja tu kati ya elfu kumi hupenya. Miwani ya jua hupitisha sehemu kubwa sana, na zaidi ya hapo hulegeza mboni ikafunguka, basi mwale ukapata mlango mpana. Watoto na paka wasiingie chumbani, saa na pete vuliwe, na kamwe mwale usielekezwe nje: humfikia rubani aliye kilomita kadhaa angani.

Na plastiki ya PVC usiichome, kwani moshi wake una haidrojeni kloraidi, ambayo huunguza mapafu na kutia kutu vyuma vyote vya chumbani. Fungua dirisha hata kwa mbao.

Kijana wa Jang'ombe

Nimeona mtandaoni mashine za kuchonga za "wati 40" zenye leza ya buluu. Je, si afadhali anunue moja ya hizo kuliko kuhangaika na projekta?

Fundi Redio, Mwanakwerekwe

Uliza kwanza ni wati za nini. Mara nyingi tarakimu kubwa ni ya umeme unaoingia, si ya nuru inayotoka. Diodi moja ya buluu ya kisasa hutoa wati 5 au zaidi, na mashine ya kweli ya wati 10 za nuru kwa kawaida huunganisha miale ya diodi mbili kama hizo. Hayo ni maendeleo ya ajabu, ukikumbuka kwamba Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia ya Japani alionyesha leza ya kwanza ya galiamu naitraidi mwaka 1996 tu, na mwaka 2010, projekta za aina hii zilipotoka, wati moja ilikuwa habari ya kuwakesha mafundi wa dunia nzima. Kwa kuchora nakshi tu, wati moja yatosha.

Mchonganakshi, Chake Chake

Ndugu zangu, Mungu awalipe kheri. Miwani imefika kwa boti wiki hii, na Mwalimu, miwani ya jua nimeiweka mbali. Draiva niliiweka miliampea 800 kama nilivyoelekezwa. Diodi ya pili imefanya kazi dakika 20 kwa vipindi, alumini ikiwa vuguvugu tu. Juu ya mninga ilichora mstari wa kahawia iliyokolea, safi, na harufu yake ni kama ya ubao mbichi ulioguswa na makaa. Lakini mstari wa kwenda kulia ni mwembamba, na wa kwenda juu ni mnene karibu mara mbili. Je, nayo inaumwa?

Fundi Redio, Mwanakwerekwe

La, kaka, hiyo ni nzima. Mahali pa kutokea nuru katika diodi za nguvu kubwa ni ufa mrefu, hivyo nukta yake ni kama kijiti, si duara. Zungusha diodi ndani ya kishikio mpaka kijiti kilale mshazari, nyuzi 45, na mistari miwili hiyo italingana unene.