Mlioanza judo, somo la kuanguka limewasaidia wapi? Tupeane uzoefu

Fundi wa Mbagala

Wakuu, habari za Jumapili. Mwili mzima unauma, lakini maumivu yale matamu ya mtu aliyetoka mazoezini jana.

Nina miaka 34, ni fundi umeme. Huu ni mwaka wa tatu nakwenda judo mara moja kwa wiki, Jumamosi kuanzia saa 10 alasiri mpaka saa 12 jioni. Kazi hainipi nafasi zaidi ya hiyo. Tunatumia ukumbi wa shule. Tunawahi kupanga magodoro, kisha tunatandika turubai juu yake na kulikaza kwa kamba pembeni lisijikunje, maana kidole cha mguu kikinasa kwenye mkunjo wakati mwili unazunguka, goti ndilo linalolipa.

Niliingia nikiwa na hamu ya kujua kumwangusha mtu. Miezi miwili ya mwanzo sikumwangusha yeyote. Nilianguka mimi. Chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, halafu kubingirika kuanzia bega moja hadi nyonga ya upande wa pili. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda, ili kisogo kisifike chini. Mkono unapiga mkeka kwa kiganja na kigasha chote, ukiwa karibu na kiuno, si kunyooshwa usawa wa bega. Pumzi unaitoa, huibani. Mwalimu alikuwa anahesabu mpaka 100, kila Jumamosi. Nilikaribia kuacha.

Mwaka jana nilikuwa nafunga taa nyumbani kwa mteja, miguu ya ngazi ikateleza kwenye vigae. Ulikuwa urefu wa mita mbili hivi. Sikupata muda wa kufikiri chochote. Nilipokuja kujielewa nilikuwa nimelala ubavu, kidevu kifuani, kiganja kinawaka moto kwa jinsi kilivyopiga sakafu. Kichwa hakikugusa. Mwenzangu aliacha koleo akakimbia akiniita jina, amebadilika rangi. Nilibaki pale chini kidogo, nikazikumbuka zile mia za kila Jumamosi.

Ndiyo maana nimeanzisha hii. Semeni somo hili limewakuta wapi maishani. Na walioacha waseme kwa nini waliacha.

Mama Wawili, Tabata

Asante kwa mada hii, kaka. Mimi nina miaka 47. Nilianza kwa kumpeleka mwanangu wa mwisho. Muhula mzima nikakaa kwenye benchi na mkoba wangu mapajani, mpaka mwalimu akaniambia, "Mama, nguo za mazoezi zipo, ingia." Nikaingia na wasiwasi wangu wote.

Kilichonikuta ni daladala. Nashuka, mguu mmoja chini, mwingine bado kwenye ngazi, konda akapiga bodi gari likaondoka. Nilirudi nyuma chali barabarani. Nyanya na vitunguu vikatawanyika, watu wakapiga kelele wakijua mama wa watu kaisha. Nikajikuta nimejikunja mgongo kama tunavyofundishwa, nimepiga lami kwa mikono yote miwili. Viganja vilichubuka sana na mgongo uliniuma wiki nzima. Lakini niliinuka mwenyewe. Jirani yangu wa rika langu alianguka bafuni akavunjika nyonga, na hadi leo anatembelea mkongojo. Kila nikimwona natamani akina mama wote wa umri wetu wafundishwe hata lile la chali peke yake.

Jambo la pili ni kubanwa chini. Katika mashindano ukimbana mwenzako mgongo chini sekunde 20 umeshinda pambano, sekunde 10 unapata nusu yake. Sekunde hizo usizione chache ukiwa chini ya mtu wa kilo 90! Mara za kwanza nilikuwa nataharuki, nasukuma kwa mikono, nachoka. Nikafundishwa kutulia kwanza, nipumue, nigeukie upande wake, niingize goti kati yetu. Namshukuru Mungu kwa kujifunza kupumua nikiwa nimebanwa.

Mtoto wa Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Yangu ni nzito kidogo, mnivumilie.

Miaka kadhaa iliyopita nilipigwa ngeta nikitoka kazini usiku. Ndugu zetu wa Tanzania mnaita roba. Mkono ulikuja kutoka nyuma, sikuona uso wala sikusikia hatua. Niliamkia kando ya mtaro bila simu, bila viatu. Koo lilipona baada ya siku chache. Lakini sikuweza kuvaa skafu. Kinyozi akinifunga kile kitambaa shingoni nilikuwa natoka jasho. Mke wangu akinikumbatia kutoka nyuma, naruka.

Rafiki alinipeleka klabu ya judo. Somo la kuanguka nilifanya vizuri, siku ya kabali nikatoka nje. Wiki iliyofuata nikarudi, nikatoka tena. Mwalimu hakunilazimisha. Alinipa mwenzangu mmoja, mzee mtulivu wa mkanda wa kahawia, akasema nitafanya na yeye peke yake. Siku ya kwanza niligonga mkeka, ile ishara ya kuomba kuachiwa, kabla mkono wake haujanifikia. Akauondoa. Nikagonga tena mapema, akauondoa tena. Hakuuliza wala hakucheka. Mara ishirini, thelathini, kila nikigonga mara mbili mkono unaondoka palepale. Ilichukua miezi, ndugu zangu, mpaka mwili wangu uamini kwamba kuna mkono unaokuja shingoni na ukiombwa kuondoka unaondoka.

Leo najua pia kilichonizimisha. Kabali ikikaa sawasawa haibani koo, inaziba mishipa ya damu pande mbili za shingo, na sekunde chache zinatosha. Kwa hivyo cha kwanza ni kidevu: kigeuze kuelekea kiwiko cha anayekushika, kiteremshe. Mikono yako yote miwili ivute ule mkono chini. Usivute kwa mkono mmoja huku mwingine unarusha ngumi nyuma. Shusha makalio, sogea pembeni. Na wakiwa wengi au kuna kisu, wape simu yako. Sijawahi kushambuliwa tena, kwa hivyo siwezi kuwaambia kwamba hii imeniokoa mtaani. Ninachoweza kusema ni kwamba navaa skafu.

Fundi wa Mbagala

Pole sana mkuu, na asante kwa kutuamini na habari hii. Mfikishie salamu zetu huyo mzee wa mkanda wa kahawia.

Binti Michenzani

Assalaam alaykum. Mimi Unguja, tuna kipindi chetu cha wanawake, milango inafungwa. Mbinu yangu ni ile ya kumgeuzia mgongo na kumpitisha begani, kwa sababu mimi mfupi, na mfupi anaingia chini ya mtu mrefu bila taabu. Nilimwona Wojdan Shahrkhani wa Saudi Arabia kwenye Olimpiki ya London 2012, kichwa kimefunikwa kwa kofia maalumu baada ya mabishano marefu kama aruhusiwe. Pambano lake lilidumu sekunde 82, akashindwa. Watu walimsema mno. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nikaona kumbe yule anafanana na mimi. Nikaanza mwaka uliofuata.

Baba Neema

Mimi ni kati ya walioacha. Klabu niliyokuwa, kila miezi mitatu mkanda mpya, na kila mkanda una ada yake. Hakuna aliyefeli. Nikafika mkanda wa kijani bila kujua kuanguka kwa usahihi, tulipitishwa juu juu. Siku moja nikafyekwa mguu na kijana mzito, nikatanguliza mkono. Mtulinga ukavunjika. Wiki sita mkono umening'inia shingoni, nashindwa hata kumbeba mtoto.

Simlaumu yule kijana. Namlaumu aliyepokea pesa yangu akanifunga kijani kiunoni. Wanaoanza, tazameni: kama mwezi wa kwanza tu mnarushana, ondokeni.

Kivu Yetu

Wandugu, hapa Bukavu. Sisi tulianza juu ya mchanga, magunia yameshonwa pamoja. Kwetu judo si jambo geni, na mwaka 2016 tulilia machozi ya furaha. Popole Misenga na Yolande Bukasa, watoto wa Bukavu ambao vita iliwatoa kwao na judo wakajifunzia Kinshasa, waliingia Olimpiki ya Rio katika timu ya wakimbizi. Miaka mitatu kabla walikwenda mji huohuo kwa mashindano ya dunia, wakabaki Brazil kuomba hifadhi. Popole akashinda pambano lake la kwanza. Mimi leo nafundisha watoto, wengine hawana mzazi. Mtoto aliyeanguka mara nyingi mbele ya wenzake na kila mara akapewa mkono wa kumwinua, hata sauti yake inabadilika. Naiona kwa macho yangu.

Kichwa Ngumu

Swali kwa wakuu. Mnashika koti la mazoezi. Mtaani Dar mtu kavaa fulana, ukiivuta inachanika. Hapo mnafanyaje?

Fundi wa Mbagala

Swali zuri, na sisi tulimuuliza mwalimu hilohilo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunavua makoti. Badala ya kola unashika nyuma ya shingo, badala ya mkono wa koti unabana mkono wa mtu kwapani mwako. Ile ya kufyeka mguu kwa nje inakubali vizuri bila koti, ni ndugu wa mtama tuliokuwa tukipigana mchangani utotoni. Siri yake si mguu. Lazima umvute uzito wote uegemee ule mguu unaotaka kuufyeka. Bila hivyo unapiga teke gogo.

Kuna kitu kingine. Mashindanoni kushika miguu kulianza kuzuiwa mwaka 2010, na 2013 marufuku ikawa kamili. Wengi wa sasa hawajui kujikinga mtu akiwavamia magoti. Muombe mwalimu wako awafundishe hata hivyo.

Kichwa Ngumu

Nimeelewa, mkuu. Nataka kuanza. Siku ya kwanza nije na nini?

Fundi wa Mbagala

Kata kucha za mikono na miguu, vua pete na cheni. Suruali isiyo na zipu, fulana ambayo huionei huruma, ndala za kutembelea mpaka kwenye mkeka. Maji lita moja na nusu. Usile kuanzia saa 8. Ukifika utanikuta navuta turubai, shika upande wa pili.