Handikapu yangu ni ngapi hasa? Shemeji amegoma kulipa mbuzi

Mgeni_wa_Rafu:
Wakuu, habari za Jumapili. Nina miezi minne kwenye gofu, niliingizwa na shemeji yangu. Jana tuliwekeana dau la nusu mbuzi wa kuchoma. Kabla ya kuanza nikamuuliza kedi wangu (mbeba begi), mzee wa makamo, mimi nipewe handikapu ngapi, yaani nipunguziwe mikwaju mingapi kwenye jumla yangu. Akaniangalia ninavyojinyoosha, akasema, "Wewe andika 28." Shemeji ana 12, hakubisha, maana alijua atanifunga tu.

Nikapiga 104. Yeye 89. Toa 28, nimebaki na 76; yeye toa 12, amebaki na 77. Mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, kwa hiyo nimemfunga kwa mmoja! Hapo ndipo mambo yakaharibika. Mbele ya watu baa ananiambia 28 yangu ni ya kuokota, na eti mtu anayeanza hana handikapu, kwa hiyo dau limekufa.

Nilikuwa na kadi tatu za mashimo 18 kabla ya jana, zote tulicheza watu wawili au zaidi na zimesainiwa: 112, 106 na 109. Paa ya uwanja wetu, yaani mikwaju inayotarajiwa kwa mashimo yote, ni 72 (si ya nyumba wala yule wa porini). Nimepiga wastani wa hizo tatu nikatoa 72, napata 37. Sasa ni 37, ni 28, au ni sifuri kama anavyodai shemeji?

Pati_Tatu:
Shemeji hadaiwi mbuzi, mkuu. Utanyimwa mke.

Kedi_Mstaafu:
Kijana, nilianza kubeba mabegi Moshi nikiwa darasa la tano, leo nacheza kwa handikapu ya 6, kwa hiyo nivumilie nikuelezee taratibu.

Hiyo 28 ya mwenzangu najua imetoka wapi. Kwa utaratibu wa Kiingereza tulioukuta, mwanaume alikuwa anaishia 28 na mwanamke 36. Hata ukipiga 130, wewe ni 28. Makedi wa rika letu tumekariri hivyo: mgeni akija, mpe 28. Lakini tangu 2020 dunia nzima ina mfumo mmoja badala ya ile sita ya zamani, na mwisho ni 54.0 kwa wote, mume kwa mke. Kwa hiyo hukupendelewa, ulipunjwa.

Kosa lako wewe ni wastani. Handikapu haiulizi unapiga ngapi kwa kawaida. Inauliza ukiwa kwenye siku zako nzuri unaweza nini. Mchezaji mwenye kadi 20 anachukuliwa 8 bora, 12 zinawekwa pembeni. Ndiyo maana utasikia watu wanalalamika kila wiki, "leo nimeshindwa kucheza handikapu yangu." Ni kawaida kushindwa! Anayeicheza kila Jumamosi huyo ndiye wa kuogopwa, anaficha kadi zake nzuri au anaandika za uongo.

Kadi tatu za 18 zinakutosha, kwa sababu kinachotakiwa ni mashimo 54 tu, hata ukiyakusanya kwa tisa tisa. Ukiwa na tatu wanachukua moja iliyo bora, halafu wanapunguza 2.0. Nipe namba mbili zilizoandikwa kwenye kadi ya uwanja wenu: kozi reti (mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari hapo) na slopu (kipimo cha uwanja unavyomtesa mchezaji wa kati kuliko hodari). Na uniambie kama kuna shimo ulipotea kabisa.

Mgeni_wa_Rafu:
Shikamoo mzee. Kadi inasema 71.2 na 126, kwa tii (alama za kuanzia) nyeupe tunazotumia. Kupotea ni ile ya 112: shimo la nne, paa 4, nilipiga 13. Mbili banka (shimo la mchanga), tatu majini, nyingine sikumbuki.

Kedi_Mstaafu:
Marahaba. Asiye na handikapu, shimo moja haliandikwi zaidi ya paa na mikwaju mitano juu. Kwa hiyo ile 13 yako ni 9, na 112 inashuka kuwa 108. Mtu asiharibiwe hesabu na shimo moja la majini.

Sasa kila kadi: toa kozi reti, zidisha kwa 113, gawanya kwa slopu. Hiyo 113 ni slopu ya uwanja wa kawaida. Wenu ni 126, unamtesa mchezaji wa kati kuliko unavyomtesa hodari. Bora yako ni 106. Toa 71.2, inabaki 34.8, zidisha kwa 113, gawanya kwa 126, ni 31.2. Punguza 2.0. Handikapu indeksi yako ni 29.2.

Lakini indeksi hiyo huendi nayo uwanjani hivyo hivyo. Unaigeuza kwa uwanja wa siku hiyo: 29.2 mara 126 gawanya kwa 113, kisha ongeza tofauti ya kozi reti na paa, ambayo kwenu ni pungufu ya 0.8. Jibu 31.8, yaani 32. Ukienda uwanja mwepesi itashuka, na mgumu zaidi itapanda.

Kwa hiyo jana ulistahili 32. 104 toa 32 ni 72. Umemfunga shemeji kwa mitano.

Dada_Grini:
Mzee amesema vizuri, ila nipenyeze moja. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, klabu nyingi zinampa mtu asilimia 95 ya hiyo namba. Kwa hiyo angepewa 30, na shemeji 11. Bado ni 74 kwa 78. Mbuzi yuko pale pale.

Na mgeni, angalia safu ya indeksi za mashimo kwenye kadi, 1 hadi 18, 1 likiwa gumu zaidi. Ukiwa na 32, kila shimo unapewa mkwaju mmoja, na yale magumu ya 1 hadi 14 unapewa wa pili. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napigana na shimo namba 1 kama vita, kumbe pale nikipiga sita kwenye paa ya nne nimecheza sawasawa na kiwango changu. Nilipoelewa hilo niliacha kung'ang'ania fimbo ndefu kutoka rafu (majani marefu).

Mgeni_wa_Rafu:
Nimemtumia shemeji uzi huu wote. Amesoma, alama mbili za bluu, kimya. Swali la mwisho: na hii 104 ya jana niipeleke klabu?

Kedi_Mstaafu:
Ipeleke, kama klabu yenu inapokea raundi za kirafiki na mlicheza kwa kanuni. Ukiwa na kadi nne wanachukua bora moja na kupunguza 1.0. 104 inatoa 29.4, indeksi yako inakuwa 28.4. Kwenu hapo utapewa 31.

Usiifiche ili ubaki na 32. Makedi tunaona, na tunaongea.

Pati_Tatu:
Huyo mbuzi anachomwa wapi, wakuu? Naulizia tu.