Tupeane uzoefu: Kurudi kwenye mbio ndefu baada ya jeraha (wa Dodoma na jirani)

Mwanzisha uzi
Wadau, hapa ni kwa wanaokimbia kilomita 10 kwenda juu. "Pole, utapona" tuziache leo. Wekeni vipimo: unaanza lini, unaongezaje, unasimama wapi. Na utaje jeraha lenyewe, maana kano si mfupa.

Mdau wa Ipagala
Kano ya kisigino. Kupumzika tu hakuiponyi: maumivu yanatulia, kano inabaki dhaifu, ukirudi barabarani inauma upya. Inataka mzigo. Simama ukingoni mwa ngazi kwa mbele ya nyayo, panda kwa miguu miwili, hamishia uzito kwenye mguu mbovu, shuka taratibu mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti 3 goti limenyooka, seti 3 goti limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Hizo za goti kukunjwa ndizo watu wanaziruka, na ndizo zinazoukamata msuli wa ndani wa shavu la mguu.

Kama panauma chini kabisa, pale kano inaposhika mfupa, ishia usawa wa ngazi. Ukishuka zaidi kano inabanwa kwenye mfupa na utakuwa unajiumiza kwa bidii.

Mdau wa Kisasa
Kabla hujakimbia: tembea harakaharaka dakika 30, nyanyua kisigino kwa mguu mmoja mara 20, rukaruka kwa mguu huohuo mara 10. Kimoja kikiuma, bado.

Vyote vikipita, kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ongeza dakika za kukimbia mpaka ufike 30 mfululizo. Hapo ndipo uanze kuhesabu kilomita. Kasi ije mwisho kabisa. Wengi wanaharibikiwa wiki ya tatu au ya nne: pumzi imesharudi, mtu anajiona mzima, kumbe kano na mfupa viko nyuma.

Ukizunguka uwanjani, geuza uelekeo kila baada ya raundi chache. Kona za upande mmoja zinaulemea mguu mmoja.

Mwanzisha uzi
Na maumivu kidogo je? Mtu asimame au aendelee?

Mdau wa Kisasa
Kwa kano: kati ya 0 na 10, mpaka 3 vumilia, ila kesho yake asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani, yasizidi ya jana. Yakizidi, rudi hatua moja. Na usimeze diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ndipo utoke. Umezima kengele, moto upo. Mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico 1968 goti limefungwa bendeji, lakini ile ilikuwa Olimpiki. Wewe unazunguka uwanja wa Jamhuri Jumanne asubuhi.

Mdau wa Nzuguni
Hiyo 3 isitumike kwa mfupa! Ugoko ukiuma kwa urefu, kama kiganja kizima, mara nyingi ni msuli na utando wa mfupa: punguza kilomita. Ukiuma sehemu moja inayofunikwa na kidole gumba, na usiku unauma umelala, shuku ufa kwenye mfupa. Hapo ni 0, hakuna kukimbia, nenda hospitali. Eksirei ya mapema inaweza kuonekana safi kabisa na ufa upo, kwa hiyo picha safi isikurudishe barabarani.

Mdau wa Sabasaba
Viatu vya mtumba: viweke mezani, vitazame kwa nyuma. Kisigino kikilala upande, acha. Bonyeza soli ya katikati kwa gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo midogo pembeni, sponji imekufa hata kama meno ya chini bado mapya. Muuzaji atakuonyesha hayo meno tu.

Mdau wa Ng'ong'ona
Vilima vya huku Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) viache kwanza. Kupanda kunaivuta kano, kushuka kunalipiga goti.

Jingine ni bega la lami, yaani ukingo wake unaoinama. Ukikimbia ukitazamana na magari, uko kulia, na barabara inainamia kulia, hivyo mguu wa kulia unakanyaga chini zaidi. Ukigeuza kurudi na kuvuka upande, bado ni wa kulia. Ndiyo maana njia ya vumbi iliyo tambarare ni bora, ila tazama miiba ya migunga, inapenya soli.