Naomba ushauri: mdogo wangu ana bipola, nimtafutie kocha?

Habari zenu wadau, mdogo wangu wa kike ana bipola (ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana) mwaka wa 9 sasa, anatumia dawa ya lithiamu na vipimo vya damu anaenda mwenyewe bila kusukumwa, kwa hiyo huko hospitali sina shida nako, shida ni maisha yenyewe yamesimama. Asubuhi anakaa pembeni ya kitanda kashika kiatu kimoja, ukirudi baada ya nusu saa bado kakishikilia, na huyu alikuwa fundi cherehani mzuri jamani.

Sasa kuna mtu kaniambia kuna makocha wanaosaidia watu wenye magonjwa ya akili ya muda mrefu, wengine wenyewe wamepitia hali hiyo hiyo. Nilivyoelewa hawaandiki dawa, wanamuuliza mtu yeye anataka nini, wanaanza na kitu kidogo kama kukaa kwenye cherehani dakika 10, na wanaandika naye mapema dalili za kuanza kuzidiwa (kwake ni usingizi kupungua na kuongea haraka haraka) na nani apigiwe simu. Hicho ndo kimenigusa, maana sisi nyumbani tunampangia kila kitu, naona hata tunamkosea.

Hofu yangu, kocha mtu yeyote anaweza kujiita, sasa nitamjuaje mwenye mafunzo kweli? Nimuulize nini siku ya kwanza? Na akimwambia aache dawa je, maana hapo sitakubali kabisa.

Mdogo wangu nimemuuliza kasema "labda", kwangu hiyo labda ni kubwa sana. Aliyepitia naomba aniambie.